Siku Koplo Filimbi Alipotusalimia

Koplo Filimbi akikutukana, uko salama. Hilo kila dereva wa tipa aliyebeba kokoto kupita pale kwenye makutano ya duka la saruji alilijua. Akikuita ng'ombe, akikuuliza kama leseni ulipewa au uliiokota jalalani, wewe inamisha kichwa, sema "ndiyo afande", atachoka, atapuliza filimbi yake, utaondoka. Hatari ilikuwa siku akikusalimia. Akisema "mzee wangu, habari za nyumbani", basi ujue kwake hakuna mboga, na wewe ndiye soko.

Kwa hiyo tipa tupu linalorudi machimboni lilipopishana na tipa lililojaa, madereva waliulizana dirishani.

"Leo yukoje?"

"Anatukana."

"Mungu mkubwa."

Mimi ni utingo. Kazi yangu ni kukaa kando ya dereva, kushuka kuelekeza gari likirudi nyuma, kuweka jiwe chini ya tairi tukisimama mlimani, na kusikiliza lawama. Dereva wangu ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo lawama nazipata kazini, na nikirudi nyumbani nakuta nyingine zimepakuliwa. Wenzake wanamwita Breki. Si kwa sababu anaendesha polepole. Ni kwa sababu akipanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu njia nzima.

Sheria inataka mzigo wa kokoto ufunikwe turubai. Turubai tulikuwa nalo, zito, la kijani, halina hata tundu moja, kwa sababu halikuwahi kufanya kazi. Tulilikunja tukalikalia. Springi za kiti cha tipa letu zilikuwa zimetoboa ngozi zikatoka nje, na tajiri, yaani mwenye gari, kila akiambiwa alisema ameshaongea na fundi. Isitoshe, kufunga turubai ni kupanda juu ya mawe, kuvuta kamba huku na huku, na ukishuka unakuta wenzako wamekupita kwenye foleni ya kushusha.

Halafu kokoto yetu moja iliruka ikapasua kioo cha gari dogo lililokuwa nyuma. Breki akaitwa ofisi ya trafiki, akaandikiwa onyo, akaambiwa kosa jingine la mzigo na leseni inafungiwa. Tajiri naye hakuzungusha maneno.

"Leseni ikifungwa, funguo unaniachia hapa mezani. Gari haliwezi kukaa linaota jua kwa sababu yako."

Breki ana miaka hamsini na kitu. Hajui kazi nyingine na hataki kujifunza. Leseni ile ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba, ndiyo karo, na ndiyo sauti yake mbele ya mkewe. Utaniuliza, basi kwa nini hamkufunga turubai? Tulifunga. Tulifunga siku chache, springi zikatuchoma, wenzetu wakatucheka eti tunavalisha mawe nguo, tukaacha. Watu ndivyo tulivyo.

Kuna jambo lingine kati ya Breki na Filimbi, nalo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotufikisha tulipofika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Breki alimpakia binti yake, kitindamimba, kumpeleka kwenye usaili wa chuo. Binti alikuwa amevaa viatu vipya, ameshika bahasha yake magotini. Filimbi akatusimamisha. Akamshusha Breki, akamweka mikono juu ya boneti kama mwizi, akamzungukia.

"Ng'ombe huyu anapakia na ndama siku hizi," akasema.

Binti aliangalia viatu vyake mpaka tulipoondoka. Tangu siku hiyo hajapanda tena tipa la baba yake. Akiombwa, anasema basi ni rahisi zaidi. Breki hakuwahi kulitaja, lakini kila tukikaribia duka la saruji alikuwa anabadili gia kwa nguvu, kama gia ndiyo iliyomkosea.

Asubuhi ninayoieleza tulikuwa wa kwanza kushuka kutoka machimboni. Hatukupishana na mtu, hatukupata wa kumuuliza. Filimbi alikuwa mahali pake, lakini sare imepigwa pasi mpaka suruali inakata, na filimbi ameitia mfukoni. Nyuma yake, kando ya ukuta wa duka, gari la polisi limeegeshwa, na ndani ameketi mwanamke mwenye nyota mabegani. Hatukumjali. Wakubwa huwa wanapita.

Filimbi alinyanyua mkono taratibu. Breki akasimama. Filimbi akaja mpaka mlangoni, akapiga saluti.

"Habari za asubuhi, mzee wangu."

Breki alishika usukani kwa mikono miwili.

"Habari za nyumbani? Mimi ni koplo wa usalama barabarani. Nimekusimamisha kwa sababu mzigo wako haujafunikwa, na hilo ni hatari kwa watumiaji wengine wa barabara. Naomba leseni yako, tafadhali."

Alikuwa anasema huku macho yako juu, kama mtu anayetafuta maneno kwenye dari. Niliposikia "tafadhali" ikitoka kwenye mdomo ule, nilimgeukia Breki.

"Shem," Breki aliniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza shingo. "Kanisalimia."

"Nimesikia."

"Mpaka za nyumbani."

"Na tafadhali juu yake," nikamwambia. "Leo anataka nene."

Breki alitoa pumzi puani. Akachomoa leseni mfukoni, akaingiza noti ndani yake, akaikunja, akanyoosha mkono dirishani. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, kimya kimya.

Hapa nataka nieleze vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu alisema lake. Filimbi aliipokea leseni kwa mkono wa kushoto, akaifungua, na kidole gumba cha kulia kikaisukuma ile noti mpaka kiganjani. Kiganja kikajifunga. Mkono ukaanza safari ya kwenda mfukoni. Ilikuwa laini, yeye mwenyewe hata hakuangalia. Halafu mkono ukagoma njiani. Ndipo alipokumbuka nani amekaa nyuma yake.

"Hii ni nini?" akasema, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Mzee, unanihonga? Unamhonga askari hadharani?"

"Umeniomba," Breki akasema.

"Nimekuomba leseni."

"Umeniomba na za nyumbani."

"Nimekusalimia, wewe..." Akaling'ata neno. Nililiona likirudi chini kooni mwake, lina pembe na mkia.

"Malizia," Breki akamwambia. "Malizia ulivyozoea, tuelewane."

Mlango wa gari la polisi ukafunguka. Mwanamke akaja, si kwa haraka, akaitazama noti kwenye mkono wa Filimbi, akatutazama sisi, akaagiza gari liegeshwe na wote tufuate kituoni. Njiani Breki aliniambia jambo moja tu.

"Leseni yangu Filimbi amebaki nayo."

Chumba alichotuingiza kilikuwa na meza, benchi, kabati lisilofunga na feni iliyosimama. Ukutani palikuwa na bango jipya, gundi yake bado mbichi pembeni: askari na dereva wanapeana mikono, chini imeandikwa TUZUNGUMZE KWA HESHIMA. Dereva wa kwenye picha alikuwa na meno mengi kuliko dereva yeyote ninayemjua.

Yule mwanamke alikuwa Inspekta, mkuu mpya wa trafiki. Alikaa, akatuonyesha benchi. Filimbi akabaki amesimama karibu na kabati.

"Mzee," Inspekta akaanza, na Breki akashika mfuko wake. Alifanya hivyo kila alipoitwa mzee humo ndani. Nadhani hakujua kama anafanya. "Turubai la mzigo liko wapi?"

"Liko garini."

"Garini wapi?"

"Tumelikalia."

Inspekta akanigeukia mimi.

"Springi, afande," nikamwambia.

Hakucheka. Aliweka leseni mezani, na noti kando yake. "Kwa nini ulimpa koplo pesa?"

"Aliniita mzee wangu."

"Hilo ni agizo langu. Wiki hii kila askari wangu anasalimia, anajitambulisha, anataja kosa, anasikiliza. Tumechoka kuletewa malalamiko kwamba askari wanawatukana watu."

"Sikujua kama ni agizo."

"Kama ungejua, ungefanya nini tofauti?"

Simu ya Inspekta ikalia. Akaitazama, akasema tumsubiri, akatoka kwenye korido na kuurudisha mlango nyuma yake.

Filimbi hakupoteza muda. Akaja akaegemea meza, uso wake umeloa.

"Sikiliza. Noti ilikuwa humo tangu jana, ulisahau. Watu wengi wanaweka pesa kwenye leseni. Mimi nitasema niliharakisha kufikiri. La turubai naligeuza onyo la mdomo. Unaondoka na leseni yako, mimi nabaki na mkanda wangu wa kazi. Neno moja tu, 'nilisahau'."

Breki alikuwa anaangalia bango.

"Mzee wangu," Filimbi akasema. Na safari hii sauti ilikuwa ya kweli. "Nakuomba."

Nilimpiga Breki mguu chini ya meza. "Shem, kubali. Ni neno moja."

"Binti yangu unamkumbuka?" Breki akamuuliza Filimbi.

"Binti gani?"

"Alikuwa amekaa na mimi garini. Ana bahasha."

"Nasimamisha magari kutwa nzima, nitakumbuka binti wa nani? Tuna mambo ya maana hapa, huyo mama anarudi sasa hivi."

Breki akanigeukia mimi, kana kwamba Filimbi hayupo. "Hamkumbuki," akasema. "Mimi mwaka mzima nikipita pale natapika nyongo, yeye hata hamkumbuki."

"Shem, leseni," nikamwambia. "Fikiria leseni."

"Ndiyo ninayoifikiria."

Inspekta akarudi, akavuta kiti, akakaa. "Koplo, kule barabarani kuna jambo ulilisahau. Hukumuuliza kama ana swali. Basi nauliza mimi. Mzee, una swali lolote?"

Filimbi alimtazama Breki. Mimi nilimtazama Breki. Leseni ilikuwa pale mezani, karibu kiasi kwamba angeweza kuivuta kwa kidole. Neno moja tu.

"Ninalo," Breki akasema. "Umemwagiza huyu asitutukane."

"Ndiyo."

"Basi kuanzia leo tutajuaje akitaka pesa?"

Huko nje mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Sijakuelewa," Inspekta akasema, ingawa nadhani alielewa.

"Alipotutukana tulijua hataki. Akitusalimia tulijua anataka. Miaka yote ndivyo tulivyoishi naye. Sasa wewe umemwambia asalimie kila gari. Umempa ruhusa ya kudai kila gari. Kwako 'mzee wangu' ni salamu. Kwake ni bei."

"Mwongo huyu, afande," Filimbi akasema. "Anatapatapa. Mtu wa makosa tangu zamani."

"Mimi ni mtu wa makosa," Breki akasema. "Leseni nilikupa imekunjwa. Nani aliitoa noti? Afande, muulize kidole gumba chake."

Inspekta akautazama mkono wa kulia wa Filimbi, na Filimbi akauficha nyuma. Sijui kwa nini aliuficha. Angeuacha wazi labda mambo yangekuwa mengine.

"Niliona mkono ukielekea mfukoni," Inspekta akasema polepole. "Nimekuwa nikijiuliza tangu kule."

"Na nani alikuwa anatoa?" Filimbi akamfokea Breki. "Miaka yote hiyo, nani alikuwa anatoa? Mimi nilichomoa mfukoni mwako?"

"Mimi nilitoa. Na wote wanaobeba mawe."

"Mzee," Inspekta akasema, "unaelewa kwamba hayo yanakugusa na wewe?"

"Naelewa. Darasani sikukaa sana, lakini si kiziwi."

"Na kosa la turubai liko pale pale. Una onyo tayari. Leseni hii nitaifungia."

Taya la Breki lilizunguka kama anatafuna kokoto yenyewe. Nilitaka kumpiga mguu tena, lakini hapakuwa na haja, neno lilikuwa limeshapita.

"Ifungie," akasema. "Ila nataka anitajie kosa langu kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima. Bila ng'ombe na bila mzee wangu. Hilo sijawahi kulisikia kwake."

Inspekta akamwambia Filimbi amtajie.

Filimbi alisimama wima. Chuki ilikuwa imejaa machoni, hata hakujaribu kuifuta. "Mzigo wako ulikuwa wazi," akasema. "Kokoto ikiruka inaweza kuua mtu. Ndiyo maana nimekusimamisha."

"Kumbe unaweza," Breki akamjibu, akainuka.

Leseni ilifungiwa miezi mitatu. Tajiri alitusubiri uani kwake, mkono umeshanyooshwa. Breki akaweka funguo mezani, hakubisha. Tajiri akanigeukia.

"Wewe si una leseni?"

"Ninayo."

"Shika basi, unangoja nini?"

Nikashika. Mke wangu aliposikia aliacha kuongea na mimi. Aliweka chakula, akakaa upande wa pili, akasema maneno machache tu kabla ya kulala: "Umekalia kiti cha kaka yangu." Nikamwambia kiti chenyewe kina springi, aje akikalie yeye. Nililala nimepewa mgongo.

Breki alikuja asubuhi iliyofuata akapanda upande wa utingo. Hakuomba na mimi sikuuliza. Gari linahitaji utingo, naye anahitaji kula.

Machimboni walitupokea kama wagonjwa wa upele. Tulipokaribia banda la chai, mazungumzo yalikatika. Dereva mmoja, mnene, tunayemwita Tairi la Akiba, hakuweza kujizuia.

"Huyo hapo wakili wetu. Filimbi ameondolewa, ameletwa askari mwingine. Sasa tunasimamishwa kwa adabu na tunaandikiwa kwa adabu. Jana jioni nimeambiwa tafadhali huku napewa faini."

"Funika mzigo wako," Breki akamwambia.

"Nifunike na nini? Na shati lako?"

"Una turubai. Umelikalia kama mimi nilivyolikalia."

"Toka hapa. Angalau yule tulijua kumsoma. Huyu mpya tunamsomaje?"

Breki aliliendea turubai letu garini. Nafikiri swali hilo ndilo lililokuwa linamsumbua yeye mwenyewe. Kuhusu Filimbi, tulisikia amepelekwa kulinda ghala wakati kesi inaandaliwa, na kwamba tutaitwa wote kutoa ushahidi, na kwamba tukienda tusitegemee kurudi wasafi. Breki akasema sawa.

Asubuhi ile Breki mwenyewe alipanda juu ya mzigo. Alivuta kamba za turubai kama mtu anayenyonga, akapiga mafundo, akashuka akazunguka gari, akarudi kukaza moja ambalo halikumridhisha. Wenzetu walitupita kwenye foleni wakipiga honi. Nilipokaa kwenye usukani, springi ilinikaribisha papo hapo.

Kwenye duka la saruji alikuwepo askari mpya, mwembamba, sare inamning'inia. Akanyanyua mkono. Nikasimama. Kando yangu mguu wa Breki uligonga sakafu.

"Habari za asubuhi, wazee wangu," askari akasema. "Poleni na kazi."

Nilihisi mkono wangu ukielekea mfukoni. Nikaurudisha kwenye usukani.

"Sema unachotaka," Breki akamwambia kupitia mbele yangu.

"Nataka kuangalia mzigo."

"Angalia."

Akazunguka. Tulimsikia akivuta kamba, moja baada ya nyingine. Hakuwa na haraka. Akarudi dirishani.

"Limefungwa vizuri. Nani kafunga?"

"Mimi," Breki akasema, kama anakiri ugomvi.

"Asante. Kuna swali lolote, mzee?"

Breki akamtazama usoni, halafu kifuani, halafu chini.

"Nionyeshe mikono yako."

"Mikono yangu?"

"Nionyeshe."

Yule askari alinitazama mimi, apate maelezo. Sikumpa. Akanyoosha mikono yake yote miwili dirishani, viganja juu, uso umeanza kukunjamana. Haikuwa na kitu. Breki aliangalia hasa vidole gumba.

"Twende," akaniambia.

Nikaingiza gia. Askari alibaki pale pale, mikono bado imenyooka nusu, akitusindikiza kwa macho yasiyo na urafiki. Breki hakugeuka. Aliangalia kioo cha pembeni mpaka tulipokata kona, akisubiri filimbi ilie, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeikanyaga sakafu.